Kila Risasi Ina Mwenyewe: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Polisi na Waandamanaji

Tangu Juni 2024, vijana walipojitokeza katika miji ya Kenya kuupinga Mswada wa Fedha, barua zinazotufikia zimebadilika. Zamani tuliulizwa zaidi kuhusu mashamba ya urithi, talaka na madeni. Sasa tunaulizwa namna ya kumtafuta mtu aliyechukuliwa na gari lisilo na nambari, au la kufanya mtoto anaporudi nyumbani na jeraha la risasi. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu zimetufikia nyingi za aina yake, na kwa sababu kosa alilofanyiwa kituoni mama aliyeiandika hufanyiwa wengi ambao baada ya hapo hukata tamaa. Majina ya waandishi na ya vituo tumeyaacha kwa usalama wao.

Swali: Mhariri, mwanangu wa miaka 21 alipigwa risasi ya nyonga siku ya maandamano ya Juni 25, 2025, akitoka kibaruani. Alilazwa, akaruhusiwa, lakini hadi leo anachechemea. Nilipokwenda kuandikisha taarifa, askari aliyekuwa kwenye meza ya ripoti aliniambia kwamba siku ile hakuna polisi aliyefyatua risasi eneo letu, na kwamba nikitaka kuendelea nilete jina la aliyempiga. Jina nitalipata wapi? Je, kesi ndiyo imekwisha? *Mama, Kitengela*

Jibu: Pole sana, mama, na umfikishie kijana pole zetu. Kesi haijakwisha, na ulichoambiwa mezani hakimo katika sheria yoyote ya Kenya. Kumtambua aliyefyatua si kazi ya aliyepigwa wala ya mzazi wake. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, imewabebesha polisi wenyewe mzigo huo: askari akitumia bunduki, hata kama hakuna aliyeumia, ni lazima aripoti kwa mkubwa wake, na ikiwa mtu amekufa au ameumia vibaya, mkubwa huyo ni lazima aiarifu Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake, IPOA. Jedwali hilo hilo linamtaka askari ampatie majeruhi huduma ya matibabu na kuwajulisha jamaa zake. Kwa hiyo siku ile ulipaswa kupigiwa simu na polisi. Badala yake ukaachwa uzunguke wodi kwa wodi, kisha uulizwe jina.

Tunasema kila risasi ina mwenyewe kwa sababu ndivyo bunduki za serikali zinavyosimamiwa. Askari hachukui silaha rafuni kama mtu anayechukua mwavuli. Hupewa na msimamizi wa ghala la silaha, na katika rejista huandikwa jina lake, nambari ya bunduki, idadi ya risasi alizokabidhiwa na saa aliyozipokea. Akirudi jioni huandikwa alizorudisha. Palipo na pengo kati ya namba hizo mbili, askari ana maelezo ya kutoa. Vilevile kuna amri ya kazi ya siku, inayoonyesha kikosi gani kilipangwa barabara gani na chini ya kamanda yupi. Wewe huna uwezo wa kuziona karatasi hizo, lakini IPOA inao: sheria iliyoiunda inairuhusu kudai hati kutoka kwa polisi na kuwaita maofisa watoe maelezo. Ndiyo maana malalamiko yako yasiishie kituoni. Andikisha hapo, upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha upeleke malalamiko kwa IPOA, ambayo ina makao yake Nairobi na ofisi za mikoani kama vile Mombasa, Kisumu na Garissa. Hutozwi chochote. Askari wa mezani akikataa kuandika, andika wewe: tarehe, saa, maneno aliyokuambia, na nambari ya kazi iliyo kwenye sare yake. Kukataliwa kwako ni sehemu ya ushahidi.

Halafu kuna ushahidi ulio mikononi mwako, nao unaharibika upesi kuliko watu wanavyodhani. Suruali aliyoivaa kijana siku hiyo usiifue. Kama umeifua, ihifadhi hivyo hivyo, maana tundu bado lipo. Iweke kwenye bahasha ya karatasi na si mfuko wa plastiki, kwa kuwa nguo yenye damu huoza ndani ya plastiki. Kama madaktari walitoa risasi au kipande chake, uliza kilipelekwa wapi na nani alikitia sahihi, kwa sababu kipande hicho ndicho kinachoweza kulinganishwa na bunduki fulani. Kama risasi ilipita ikatoka upande wa pili, au bado imo mwilini, picha za eksirei na maelezo ya daktari kuhusu mahali ilipoingilia na mwelekeo wake huwa na uzito mkubwa zaidi. Omba nakala ya faili lote la matibabu, si karatasi ya kuruhusiwa tu. Fomu ya P3, yaani ya maelezo ya majeraha kwa ajili ya mahakama, hutolewa na polisi na kujazwa na daktari. Isome kabla hajaisaini, na kama ameandika «jeraha» bila kusema ni la risasi, mwombe kwa heshima aandike alichokiona.

Video nazo zina utaratibu wake. Vijana hupokea video kwa WhatsApp, wakaisambaza, na mwishowe hakuna anayejua nani aliirekodi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na hati ya mtu anayeweza kueleza ulivyopatikana. Mtafuteni aliyerekodi, mumwombe aihifadhi video ya awali ndani ya simu yake bila kuikata, na kama anaogopa, awaulize IPOA au wakili wake kuhusu Shirika la Kulinda Mashahidi, ambalo lipo kisheria kwa ajili ya watu kama yeye. Tunajua hofu hiyo ina msingi. Hatuwezi kumlaumu mtu anayenyamaza baada ya kuona wenzake wakichukuliwa usiku.

Tofauti inayoletwa na kumbukumbu hizi inaonekana katika mikasa miwili ya jijini Nairobi. Juni 20, 2024, kijana wa miaka 29 alipigwa risasi ya paja katikati ya jiji akafa kwa kuvuja damu. Mwaka mzima baadaye kifo chake kilikuwa bado katika hatua ya uchunguzi wa mahakama ya Milimani, mashahidi wakiulizwa nani alikuwa na bunduki gani, huku kukiwa na maofisa waliokuwa kazini siku hiyo bila sare. Juni 17, 2025, muuza barakoa alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu sana mbele ya kamera, na walioifanya kazi hiyo walionekana sare na nyuso. Maofisa walikamatwa mara moja na mmoja wao akashtakiwa kwa mauaji, baada ya kijana huyo kufariki mwishoni mwa mwezi. Sheria ilikuwa ile ile mara zote mbili. Ndiyo sababu kufunika nyuso na kuvua vibandiko vya majina si jambo dogo, na ndiyo sababu Mahakama Kuu iliagiza mwaka 2024 kwamba polisi wanaosimamia maandamano wajitambulishe.

Jambo la mwisho kwako, mama, ni la tarehe. Ukitaka kuishtaki serikali kwa madai ya kawaida ya fidia, sheria inakupa miezi 12 tu tangu siku ya tukio. Ikiwa muda huo umepita, muone wakili kuhusu ombi la kikatiba, ambalo halina ukomo wa aina hiyo ingawa majaji huuliza sababu ya kuchelewa. Chama cha Mawakili Kenya kimewasaidia wengi bila malipo tangu 2024, na shirika la IMLU lina madaktari wanaoandika ripoti za majeraha kwa ajili ya mahakama.

Swali: Mimi ni mke wa askari. Mume wangu alipelekwa mjini kwa siku kadhaa mfululizo, akala na kulala ndani ya lori. Aliporudi alikuwa hasemi. Baadaye alinieleza kwamba kamanda wao alitoa amri kwa redio «wasirudi nyuma kwa vyovyote», na kwamba yeye alifyatua, ingawa anasema alielekeza juu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Je, amri ya mkubwa inamlinda? Naomba msinihukumu. *Mke wa askari, Nakuru*

Jibu: Dada yetu, hatukuhukumu. Askari nao walipigwa mawe, wakachomewa magari, na wengine wakavunjwa viungo, na hakuna mwenye moyo anayefurahia hilo.

Lakini swali lako linastahili jibu la wazi: hapana, haimlindi. Jedwali la Sita linasema kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Sheria hiyo inamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu. Nguvu ikibidi, ilingane na hatari iliyopo. Na bunduki ni ya kuokoa maisha, yake au ya mtu mwingine, dhidi ya tishio lililo karibu, tena baada ya kujitambulisha na kuonya pale muda unaporuhusu. «Kwa vyovyote» haimo. Tena risasi iliyoelekezwa juu huanguka mahali, na katika mitaa yenye ghorofa kuna watu madirishani.

Ushauri wetu ni kwamba mumeo aandike maelezo yake sasa, angali anakumbuka: saa, barabara, sauti iliyotoa amri na maneno yenyewe, hatari aliyoiona mbele yake, idadi ya risasi alizopewa na alizorudisha. Awe na wakili wake mwenyewe, si yule atakayeletwa na ofisi, kwa kuwa maslahi ya askari wa chini na ya kamanda wake huenda yakaachana siku ya kuulizwa. Tunasema hivi tukikumbuka Kisumu. Agosti 2017, usiku wa ghasia za baada ya uchaguzi, kichanga cha miezi 6 ambacho nchi nzima ilikijua kwa jina la Pendo kilipigwa nyumbani kwao polisi walipovamia mtaa, kikafa siku chache baadaye. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho aliwatwika polisi lawama, na mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya ubinadamu, makamanda wakiwemo. Kesi imekwenda kwa mwendo unaowaumiza wazazi, jambo ambalo tunaliona ni aibu kwa mfumo wetu wa haki. Hata hivyo inaonyesha kwamba swali la nani alitoa amri sasa linaulizwa, na askari aliyetunza kumbukumbu za amri aliyopewa yuko katika hali bora kuliko aliyetegemea ukimya wa wenzake.

Na mtafutie mtu wa kuzungumza naye. Mwanamume ambaye hasemi ana jambo linalomla.

Swali: Duka langu la simu lilivunjwa na kuporwa mara mbili, Juni 25 mwaka 2024 na tena mwaka 2025. Nimelipa mkopo wa bidhaa ambazo sikuuza. Kila siku nasikia haki za waandamanaji. Rais alisema Julai 2025 kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, aende hospitalini akielekea mahakamani. Ubaya wa kauli hiyo ni nini? *Mfanyabiashara, Nairobi*

Jibu: Ndugu, hasara yako ni ya kweli, na anayesema uporaji ni sehemu ya mapambano hakuwahi kuamka akakuta rafu tupu. Waliokuibia wakamatwe, washtakiwe, wafungwe. Katiba, Kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha, na maneno hayo mawili yamewekwa humo kwa makusudi.

Kauli uliyoitaja ina ubaya wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kisheria. Ni kweli kwamba Jedwali la Sita linataja ulinzi wa maisha na mali katika mazingira yanayokubalika, na mawakili wa polisi hupenda kulinukuu. Lakini linasomwa chini ya Kifungu cha 26 cha Katiba kinacholinda uhai, na pamoja na Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo katika kifungu chake cha 14 inasema nguvu isizidi ile inayohitajika, na bunduki isitumike kabla silaha zisizo na hatari kubwa ya kuua hazijajaribiwa zikashindwa. Adhabu ya mwizi wa simu hutolewa na hakimu baada ya kumsikiliza. Hakuna sheria inayompa askari mamlaka ya kuitoa barabarani, kwa mtu anayekimbia akimpa mgongo.

Ubaya wa pili ni wa mwili wa binadamu. Anayesema «mguu» anafikiri ametaja mahali pa kuumiza bila kuua. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika chache, kabla hata ya gari la wagonjwa kupenya kwenye barabara iliyofungwa. Yule kijana wa Juni 20, 2024 tuliyemtaja hapo juu alipigwa pajani. Hakuwa na duka la mtu mikononi. Kisha fikiria ukubwa wa shabaha: askari aliyechoka, gesi ya machozi ikimwingia yeye mwenyewe, watu mia wakikimbia kila upande, anaambiwa achague mguu wa mporaji asiguse wa muuza njugu. Mwanzoni mwa Julai 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa na 361 waliojeruhiwa katika wiki mbili tu. Hesabu ya mwaka huo ikaja kuzidi 60. Siku moja ya Saba Saba (Julai 7) ya 2025 peke yake iliwaua zaidi ya 30. Maduka hayakulindwa kwa vifo hivyo. Lako liliporwa mara mbili wakati risasi zilikuwa zikipigwa.

Ungekuwa na haki ya kuuliza jambo jingine: kwa nini Juni 2025 yalionekana makundi ya vijana wenye marungu, wakiwa juu ya pikipiki, wakiwapiga waandamanaji na kuwaibia wapita njia huku polisi wakiwa karibu nao? Wewe una stakabadhi, una picha za kamera ya dukani kama iliwashwa, na una saa ya tukio. Ukiandikisha madai, uliza kwa maandishi kikosi kipi kilipangwa mtaa wako saa hiyo na kilifanya nini. Karatasi ile ile anayoihitaji mama wa Kitengela, amri ya kazi ya siku, wewe nawe unaihitaji.

Swali: Je, tunahitaji kibali cha polisi ili kuandamana? Na mtu akikamatwa Ijumaa, ni halali kumweka hadi Jumatatu? *Mwanafunzi wa chuo, Eldoret*

Jibu: Kibali hapana, ilani ndiyo. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka waandaaji wamwarifu mkuu wa kituo siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, na maandamano yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri mbaki nayo. Kukosa ilani kunaweza kuwapa polisi sababu ya kuzuia mkusanyiko, lakini hakumgeuzi mtu asiye na silaha kuwa shabaha.

Kuhusu Ijumaa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au, ikiwa saa hizo zinaishia nje ya muda wa mahakama, siku inayofuata ya kazi. Kwa hiyo mtego wa Ijumaa una mlango wa kisheria, na hutumiwa vibaya. Kinachoua ni yale yanayofanyika katika siku hizo mbili za ukimya. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alichukuliwa Homa Bay mwanzoni mwa Juni 2025 kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu ofisa wa ngazi ya juu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na usiku wa kuamkia Juni 8 akafa mikononi mwa polisi. Ilisemwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulipata majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko sehemu nyingi za mwili, na maelezo ya ukutani yakaporomoka. Familia ilikuwa na daktari wake kwenye upasuaji huo. Huo ni mwenendo wa kuigwa na kila familia iliyofiwa kwa namna hii: msikubali upasuaji ufanyike mkiwa hamna mtaalamu wenu, na msiharakishe mazishi kabla haujafanyika.

Kwa ninyi mnaotoka barabarani: kila mtu awe na mwenzake anayejua jina lake kamili, maana wengi hujuana kwa majina ya mtandaoni, na hospitalini au kituoni jina hilo halimpati mtu. Nambari ya mzazi au wakili iandikwe mkononi kwa kalamu isiyofutika, kwa kuwa simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Ukikamatwa una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili. Usitie sahihi maelezo usiyoyasoma. Anayeona mwenzake akiingizwa garini aandike nambari ya gari, rangi yake, saa na mwelekeo, hata kama nambari anaidhania kuwa bandia. Akikosekana katika vituo vitatu vya karibu, msingoje kupambazuke: mjulisheni wakili aiombe Mahakama Kuu iwaamuru polisi wamlete mtu huyo mbele yake. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 25 cha Katiba, miongoni mwa zile chache ambazo hakuna sheria wala hali ya hatari inayoweza kuzipunguza, na jaji anaweza kuisikiliza hata siku ya Jumapili.